Nilipomwomba Zubeda Abaki

Chekeni tu, wasomaji, mimi nimeshazoea. Tangu soko huria litufungulie milango nauza vifaa vya kompyuta, na chuo kimoja cha Levolosi nimekiuzia mwenyewe swichi, kisanduku cha kuunganisha kompyuta, na kuifunga. Niliwaapia: habu, kile kisanduku cha zamani, inamwagia kila kompyuta kila kitu, hii inapeleka sauti ya somo kwa zilizojiunga na kundi la kusikiliza tu.

Zubeda, karani wa chuo, husikiliza masomo hayo ofisini kwake. Jana alikuwa anahamia Tanga, nami sijawahi kumwambia kwamba siku nisiyomwona huwa sisikii hata ladha ya chai. Mchana wanafunzi walizima vioo vya kompyuta zao, nikaamini wamejitoa kundini. Dirishani niliona kioo cha Zubeda bado kinawaka. Nikajifungia stoo na maikrofoni ya masomo.

Bei nilianzia juu. "Zubeda, usiende."

Nikashusha kidogo. "Basi nenda, ila urudi Idi."

Nikashusha tena. "Basi njoo uniage tu, nikuone."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Pallangyo, mkuu wa chuo, na nyuma yake darasa zima lililozuiwa na mvua kwenda nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, kuzima kioo siyo kujitoa kundini. Tumekusikia wote."

"Mbona ulishusha bei haraka hivyo?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Na Zubeda?" nikauliza.

Mama Pallangyo akanishika bega. "Ameshapanda basi, baba. Kompyuta ndiyo aliisahau inawaka."