Nusu Saa ya Bi Shamsia

Kabla sijamwona Bi Shamsia kwa macho yangu, nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba hana utu. Aliyeniambia ni Truphena, jirani yangu pale Makongeni, ambaye tuligawana naye ukuta na bomba la maji. Alisema kule viwandani, kwenye kiwanda cha kahawa, yuko mwanamke wa Majengo anayeongoza mikutano ya wachambuaji, na ukimwamkia mkutanoni hakuitikii. Na si hilo tu. Benta wa Kaloleni alifiwa na mama yake, akasimama mbele ya wenzake aseme neno, na yule mwanamke akamwambia akae.

"Mtu ana msiba, anaambiwa kaa," Truphena alisema. "Hivyo ndivyo Wazungu wanavyowaambia mbwa wao."

Na kiwandani humo ndimo nilimokuwa nimepata kazi, nianze Jumanne. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Mume wangu, Owino, alikuwa mfanyakazi wa reli, na Phares wetu alikuwa na miezi sita, bado ananyonya na hataki uji wa mtu. Truphena alikuwa mjane, watoto wake wako nyumbani kwao Maragoli. Tulikubaliana atakaa na Phares, na saa nne atamleta langoni nimnyonyeshe. Wachambuaji wenye watoto wachanga wote walifanya hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa mbele ya meza ndefu, buni zimemwagwa, unatoa zilizo nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Nzuri zinaingia kwenye debe. Ulilipwa kwa debe. Tulikuwa wanawake sitini na kitu, Waswahili wa Majengo na Shauri Moyo, Waluo, Waluhya, Wakamba. Vumbi la maganda lilitutia weupe nyusi zetu, hata wasichana wakaonekana wazee.

Bi Shamsia alikaa meza ya kwanza, karibu na dirisha. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, kanga yake ameifunga imara kama mtu aliye safarini. Asubuhi yangu ya kwanza alikuwa amesimama langoni kabla ya askari kufungua, na kila aliyefika alimwuliza habari za nyumbani. Aliuliza akangoja jibu. Aliyekuwa na mgonjwa alimwuliza mgonjwa kwa jina. Mimi aliniuliza jina la mtoto, na kesho yake akaniuliza, "Phares amelala?" Nikajiuliza huyu asiyeitikia salamu ni yupi.

Jibu nililipata Jumatatu iliyofuata, saa saba. Kila Jumatatu tulipewa nusu saa ya chakula kukutana chini ya paa la mizani, pale magunia yalipopimwa, kwa ruhusa ya meneja. Miaka ile ya Hali ya Hatari serikali ya kikoloni haikuruhusu watu kukusanyika ovyo, na nusu saa ile ilikuwa mali. Lakini wakongwe waliniambia kwamba zamani, mikutano ilipoongozwa na karani Idarusi, nusu saa yote iliishia kwenye salamu. Anayesimama awaamkie wote, wote waitikie, aulize za nyumbani, aambiwe fulani kafiwa, hapo kila meza itoe pole, na mwenye msiba ashukuru meza kwa meza. Halafu Idarusi mwenyewe, aliyekuwa mtu mwema mwenye kupenda sauti yake, aeleze maana ya umoja. King'ora kinalia, watu wanarudi mezani, na bomba la chooni lililokauka tangu Ramadhani linabaki kavu.

Idarusi alipochoka, wanawake walimweka Bi Shamsia. Siku yake ya kwanza alisema salamu ni za langoni na pole ni za nyumbani, ila hapa chini ya paa ni pa shauri. Wengine walikasirika. Ndipo neno la Truphena lilipotoka.

Nilimwuliza Benta mwenyewe, siku tulipokaa meza moja. Alicheka kidogo, vidole vyake havikuacha buni. Alisema Jumapili ile, kabla ya mkutano, Bi Shamsia alitoka Majengo kwa miguu mpaka Kaloleni, akakaa naye mkekani tangu alasiri mpaka jua likazama. Aliwapikia wageni wake chai. Wakaelewana kwamba kesho Benta hatasema la msiba mkutanoni, maana ndiyo siku ya bomba. "Ni mimi niliyesahau nikasimama," Benta alisema. "Angeniacha niseme, sitini wangenijibu, na mpaka leo tungekuwa tunajipangusa kwa majani."

Nilipomweleza Truphena, alisema hata hivyo, angesema kwa upole. Truphena haachii neno lake upesi.

Nilianza kumtazama Bi Shamsia kama mtu anavyotazama fundi. Jambo la Jumatatu alilisema Ijumaa, jambo moja tu, likapita kutoka meza hadi meza, kiasi kwamba Jumatatu kila mmoja alikuwa amekwisha kugombana nalo nyumbani. Mkutanoni wenye sauti ndogo walisema kwanza. Alisema wenye sauti kubwa hawapotei, utawasikia tu. Na mtu akisimama kusema anaunga mkono aliyosema mwenzake, alimwonyesha ungo uliokuwa mbele yake. Tia buni yako moja humo, ukae. Buni zilihesabika kuliko maneno. Jawahir, mchambuaji wa meza ya tatu mwenye ulimi wa pilipili, alimwambia siku moja, "Bi Shamsia, mimi nina maneno ya gunia zima, nitie wapi?" Bi Shamsia akamjibu ayatie guniani, ashone mdomo wa gunia. Kila mtu akacheka, Jawahir kuliko wote.

Mwezi wa tatu tangu nianze, msimamizi mpya aliweka tangazo. Idarusi alitusomea: kuanzia tarehe mosi, mwanamke yeyote asitoke mezani saa nne kwenda kunyonyesha. Mwenye mtoto achague.

Tulikuwa kumi na wanne wenye watoto wachanga. Usiku ule sikulala vizuri. Mshahara wa Owino ulimaliza chumba, unga na wazee wetu wa nyumbani. Wa kwangu ndio ulioleta maziwa, sabuni na mafuta ya taa. Na Phares nikimwangalia, mkono wake ndani ya nguo yangu hata usingizini, sikujua mtu anachagua vipi.

Ijumaa Bi Shamsia alipitisha neno lake: Jumatatu, watoto wa saa nne. Aliongeza kwamba amemwomba meneja mwenyewe aje, naye amekubali kwa robo saa. Jumamosi jioni alifika kwangu Makongeni. Truphena alikuwa mlangoni na Phares mgongoni, akamkaribisha kwa uso wa mawe. Bi Shamsia alikunywa chai yake, akamsifia Truphena kwa jinsi mtoto alivyonawiri, uso ukalainika kidogo. Kisha akanigeukia.

"Mama Phares, wewe hujawahi kusema mkutanoni. Jumatatu utaanza wewe."

Nilimwambia mimi sijui kusema, na mbele ya Mzungu ndiyo kabisa. Akasema hataki niseme. Anataka nieleze tu ninavyofanya saa nne, tangu ninapoinuka mezani mpaka ninaporudi, bila kulia wala kuomba. Ningesema huruma, meneja angeondoka na huruma yake. Akaniuliza kama najua kusoma saa. Nilisema nilifika darasa la sita.

Basi siku mbili zile, hata nikipika, nilikuwa nikiitembea ile njia kichwani. Jumatatu yenyewe, saa nne, niliitembea kweli, macho kwenye saa ya ukutani na ile ya kibanda cha askari.

Saa saba meneja alikuja, mtu mrefu mwenye kofia mkononi, msimamizi nyuma yake. Karani Idarusi alisimama kando yake kumtafsiria. Hakuna aliyemwamkia zaidi ya Bi Shamsia, neno moja, akajibiwa. Kisha akasema, "Mama Phares, eleza."

Nilitazama ungo, nikaeleza. Nilisema leo nimeinuka mezani kengele ya saa nne ilipolia. Nimetembea mpaka langoni dakika tatu. Nimesimama kwenye mstari wa kupekuliwa na askari, asije mtu akatoka na kahawa kwenye kanga, dakika tano. Nimemnyonyesha mtoto nje ya waya dakika sita. Nimerudi dakika tatu. Jumla dakika kumi na saba, na mtoto ameninyonya sita tu. Kumi na moja zilizobaki ni za njia na za kupekuliwa.

Idarusi alitafsiri, na safari hii hakuongeza lolote. Meneja alimwangalia msimamizi. Aliuliza kama ni hivyo kwa wote. Bi Shamsia aliunyoosha mkono kwenye ungo. Wenye watoto wakatia buni, moja moja, kumi na nne. Sauti ya buni ikianguka kwenye ungo ni ndogo sana, lakini siku ile niliisikia yote.

"Watoto wakiwa ndani ya ua, hakuna njia na hakuna kupekuliwa," Bi Shamsia alisema. "Ghala la magunia makuukuu lina paa na halina kitu."

Msimamizi alisema jambo kwa Kiingereza, kwa haraka. Meneja akamsikiliza, akaizungusha kofia yake. Kisha akasema, na Idarusi akatutafsiria, kwamba atajaribu mwezi mmoja. Ghala litafagiliwa. Lakini hataandika mtu mpya wa kuwalea. Mlezi atoke kwetu sisi, aache meza yake, alipwe kwa siku kama wafagiaji. Asipopatikana kabla ya tarehe mosi, tangazo libaki lilivyo. Akavaa kofia akaenda. Robo saa yake ilikuwa bado haijaisha.

Watu walianza kupongezana. Bi Shamsia aliwanyamazisha kwa kiganja, akauliza nani ataacha meza. Hapo tukatazamana. Mfagiaji alipata nusu ya mchambuaji mwepesi, na kila mmoja alikuwa na sababu, tena sababu za kweli. Wenye watoto wachanga ndio waliohitaji debe zaidi. Nilimfikiria Truphena, lakini hakuwa wa kiwanda, na meneja alisema atoke kwetu. King'ora kililia tukiwa bado tunatazamana. Bi Shamsia akasema limebaki jambo moja, na halitangoja Jumatatu nyingine.

Siku nne zilipita. Kila asubuhi langoni niliwaona wenzangu kumi na watatu wakimtazama Bi Shamsia usoni, na yeye akiwauliza watoto wao kwa majina kama kawaida. Hakumlazimisha mtu, hakumsema mtu. Jawahir alitangaza kwamba angekubali, ila watoto kumi na wanne wakilia pamoja ataruka ua, na hakuna aliyecheka sana.

Ijumaa, tarehe mosi ikiwa Jumatatu, tulipotoka jioni Bi Shamsia alinishika mkono. Tulitembea pamoja mpaka barabara ya Donholm, ambako yeye hushika njia ya Majengo, mimi yangu. Alisimama chini ya taa ambayo haijawashwa. Alisema asubuhi ile amekwenda kwa Idarusi, jina lake limeandikwa kuwa mlezi. Nikataka kusema kitu, akanizuia. Alisema macho yake siku hizi yanaacha buni nyeusi kwenye debe, mkaguzi amemrudishia mara mbili, na hajamwambia mtu. Wanawe ni wakubwa, anakula kidogo. Mtu asimhurumie, ni shauri alilolipima.

Nilimshukuru kwa ajili ya Phares. Maneno yalikuwa machache na yalitoka vibaya, akayapokea.

Kisha akarekebisha kanga yake begani. "Lakini watoto hawaachwi peke yao," alisema. "Saa saba nitakuwa ghalani nao, siwezi kuwa chini ya paa la mizani. Nimewasikia wote wanavyosema, na wewe nimekusikia mara moja tu, nayo ilitosha. Nakuomba, mwanangu, kikao cha Jumatatu ukiendeshe wewe."