Transfa ya Gari la Wakfu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Usishangae kuitwa mwanangu na mtu asiye na mvi hata moja. Mtoto wa kaka yangu ni wangu, na mwezi ujao unakwenda chuo, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa nimehitimu ufundi wa mitambo, nimerudi Ushongo, natafuta kazi na kukosa usingizi. Kijiji kilikuwa na pikapu moja ya foo-wili, mali ya wakfu, iliyotolewa na marehemu mmoja ibebe wagonjwa, waja wazito na maiti. Masika yakiingia, njia ya kwenda hospitali ya Pangani hugeuka uji, na gari nyingi hukwama. Lile halikukwama. Nguvu yake ilikuwa kwenye transfa, lile sanduku la gia chini ya gari linalopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne.

Mtunzaji wa gari hilo alikuwa Bwana Sefu wa kamati ya msikiti. Naye alikuwa na pikapu yake ya aina ileile, toleo la baadaye, ya kubebea nazi, transfa yake imechoka. Asubuhi moja nikamkuta yeye na fundi wamezishusha transfa zote mbili, zimelazwa juu ya gunia ubavu kwa ubavu.

"Shikamoo, Bwana Sefu. Kuna nini?"

"Marahaba, msomi. Tunabadilishana tu. Transfa ni transfa. Vipi, kazi umepata?"

Vijana waliokuwa wakitazama wakacheka.

Nikachutama. Ile ya wakfu ilikuwa ya gia tupu, nzito, nzima. Yake ilikuwa ya cheni, na nilipoizungusha kwa mkono cheni ikagonga ndani ya kasha: imelegea. Kwenye tope, gari likiwekwa gia nzito, ingeruka meno na safari ingeishia hapo. Nililijua hilo, mwanangu, kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa na tabia ya kupima jambo pande zote hadi jambo lenyewe lichoke. Nikasema huenda cheni imelegea, ingawa, tuseme haki, transfa za cheni ni nyepesi na hazina kelele, na labda...

"Mmesikia?" Sefu akadaka. "Msomi mwenyewe kasema yangu ni nyepesi, haina kelele. Fundi, funga!"

Wazee wawili wa kamati walikuwapo. Mmoja akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikaenda kwa Bi Mwanajuma, mwalimu aliyetufundisha Kurani sote, Sefu akiwemo. Mjukuu wake, Zuhura, alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Nikamweleza yote.

"Uliwaambia ni mbovu?"

"Niliwaambia ina faida na hasara zake, mwalimu."

"Nani alikuuliza faida? Mtu anamwibia Mungu, wewe unamshikia mizani! Na hao wa kombe, wamelifunika mara ngapi? Mwanaharamu hapiti. Huketi akala."

Akajitupia buibui. Tulipofika, fundi alikuwa chini ya gari la wakfu akiifunga ile ya cheni. Bi Mwanajuma akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akakaa juu ya transfa ya wakfu, na grisi yote ile.

"Mwalimu, utachafuka," Sefu akasema.

"Nimeshachafuka, kama alifu niliyokufundisha imeishia hapa. Wakfu ni wa nani?"

"Wa Mwenyezi Mungu."

"Basi kamwombe Yeye ruhusa. Akikubali, nitainuka."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Akanigeukia. "Na wewe, sema. Neno moja."

"Mbovu."

"Sauti!"

"Mbovu! Itamwacha Zuhura kwenye tope!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akaanza kufungua alichofunga. Sefu hakuomba radhi. Alisema tumemwelewa vibaya, na hadi leo huswali safu ya mbele. Zuhura alipelekwa Pangani mvua ikimwagika, gari likalikoroga tope lote lile, akarudi na binti.

Najua, kitu cha wakfu kikichakaa chaweza kubadilishwa kwa kilicho bora. Sikatai. Lakini kutoa kizima cha umma na kuweka kibovu chako, kisha kuita kubadilishana! Mungu anisamehe, bado hasira inachemka.

Basi shika haya, mwanangu. Usipojua, uliza. Ukiwa na shaka, sema una shaka. Lakini ukijua, na cha wanyonge kinachukuliwa mbele yako, usiifunge haki kwa labda na huenda ili uonekane mstaarabu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Dhalimu haiogopi elimu yako ikiwa kichwani, huiogopa ikishasema. Wakikucheka, wacheke. Wakikuuliza una kazi gani, waambie kazi ndiyo hiyo.

Mungu akupe ulimi mnyoofu mbele ya wakubwa, akulinde ugenini, elimu yako iwe ngao ya wasio na mtetezi, na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Amin.