Pikapu Iliyoota Ndoto Kibaoni

Ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya mpunga, na Kibaoni bado inapiga miayo. Katika uwanja wa udongo uliofagiliwa vizuri, pikapu nyeupe imesimama peke yake. Milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa dereva. Waipa zake zinaanza kutembea. Zinafuta kioo kikavu, polepole, kisha zinasimama katikati kana kwamba zimesahau zilichokuwa zikitafuta.

Taa ya kushoto inakonyeza. Honi inatoa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa usingizini.

Brigita Teofili hasogei. Ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai ya rangi mkononi, kanga imefungwa kiunoni juu ya ovaroli. Anaitazama pikapu kama mama anavyomtazama mtoto aliyelala na homa.

"Liache limalize," anamwambia dereva. "Nataka kuona linaishia wapi."

"Linaishia kunifukuzisha kazi, Mama Edna," anajibu Nazari, na kujimiminia chai bila kukaribishwa.

Brigita ni fundi umeme wa magari. Pikapu iliyo mbele yake ni ya zahanati moja ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga. Kijijini hapo hakuna gari jingine la kuwaleta wagonjwa na wajawazito hadi kivukoni, wavuke, wafike hospitali ya Ifakara. Sasa wamekataa kulipanda. Kazi ya Brigita leo ni kuliponya gari na kuwarudisha watu ndani yake. Hiyo ya pili ndiyo inayomnyima raha, kwa sababu kila anayekataa kupanda anataja neno lililotoka kinywani mwa fundi mwenyewe.

Neno lenyewe ni "linaota".

Kwake ni neno la kazi. Gari likiwasha taa bila kuamriwa, likipiga honi ambayo hakuna aliyeigusa, yeye husema linaota. Alilipata neno hilo kitandani, si gerejini. Binti yake Edna, alipokuwa mdogo, alikuwa akizungumza usingizini, mara nyingine akikaa kabisa na kuomba maji huku amefumba macho. Mama mkwe wa Brigita alimkataza kumtikisa.

"Aliniambia, mtoto anayeota mlaze vizuri kwanza, ndipo umwite kwa jina," anakumbuka. "Ukimshtua, ataamka analia na hatajua analia nini. Magari nayo ni hivyo hivyo. Nimeona mafundi wanalishtua gari kwa kuunga waya hapa na kukata pale, likaamka halijui hata kuzima."

Alizaliwa Lumemo, kwa baba mkulima wa mpunga. Alipoolewa alihamia Kidatu, akawa anauza maandazi langoni mwa karakana ya matrekta ya miwa. Fundi mmoja, Hermenegildi, alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, akamwomba amshikie taa. Akashika taa, baadaye akashika waya, na maandazi yakawa yanaungua nyumbani. Hermenegildi alipostaafu alimwachia koleo zake. Leo, hapa Kibaoni, wenye malori humlipa fedha, na wenye pikipiki za mashambani humletea mpunga baada ya mavuno. Anasema mpunga hauchuji kama noti.

Nazari alimletea pikapu kwa mara ya kwanza mvua zilipokuwa zinaisha. Brigita alipapasa chini ya dashibodi, upande wa abiria, akakuta kisanduku cheusi chenye plagi nyingi. Kwenye magari haya mapya, taa, honi, waipa na vitasa vya milango vyote husubiri amri kutoka humo. Plagi zilikuwa na kutu. Akamwambia Nazari hivyo hivyo: kuna kutu, kisanduku kibadilishwe, gari lisitembee.

Nazari aliitikia, akawasha gari, akaondoka. Kutu ni kutu, nani asiyekuwa na kutu? Aliendelea kubeba watu mpaka jioni moja taa zote zilipozimika kwenye kona, na tairi la mbele likasimama ukingoni mwa mtaro, wagonjwa wawili wakiwa nyuma.

Aliporudi Kibaoni, Brigita hakulitaja tena neno kutu.

"Nilimwambia, Nazari, gari hili linaota. Litakuota na wewe."

Safari hii Nazari alikubali kulirudisha zahanati na kuliegesha huko. Lakini alipanda pantoni na neno lile, na pantoni ina masikio mengi. Waliposhuka ng'ambo, gari lilikuwa tayari na mapepo. Mtu mmoja akakumbuka kwamba honi iliwahi kulia yenyewe walipokuwa wanamzika babu yake.

"Nilisema alivyosema fundi," Nazari anajitetea. "Sikuongeza kitu."

"Uliongeza shingo," anasema Brigita. "Nakufahamu. Ulilegeza shingo na kugeuza macho."

Nazari anatazama kikombe chake. "Kidogo."

Uchungu ulipombana Kabula, mke wa mfugaji Makoye, na mkunga akaona mtoto amekaa vibaya, kamati ya zahanati iliamuru pikapu itolewe, maana ilikuwa mchana na taa hazikuhitajika. Kabula aliitazama na kukataa. Alipakiwa kwenye baiskeli, mumewe akiisukuma na shangazi akimshikilia mgongoni. Alijifungua kwenye majani ya ukingo wa mto, pantoni ikiwa upande wa pili. Mtoto alichelewa kulia. Wote wawili wako hai, lakini ng'ambo yote inajua kwamba ilikuwa karibu.

Ndiyo maana mwenyekiti wa kamati, Mzee Polikarpo, ametuma ujumbe: fundi atengeneze gari, kisha avuke nalo na kuomba radhi mbele ya watu kwa maneno yake.

Brigita anaweka kikombe chini. Kazi inaanza.

Kwanza anatoa nyaya za betri. Baada ya hapo hafanyi kitu. Jua linapanda, ukungu unajikunja kuelekea mtoni, na pikapu inaota jua katikati ya uwanja, waipa zimetulia. "Hata ukiondoa betri, umeme kidogo hubaki umejificha humo," anaeleza. "Uache uishe. Sasa ndiyo limelala kweli."

Analala chali chini ya dashibodi, miguu yake nje ya mlango. Inasikika bisibisi, kisha mguno, kisha kisanduku kinatoka. Anakifungua juu ya kigoda. Ndani, juu ya vijinjia vyembamba vya shaba, kumeota kitu cha kijani, laini, kama ukungu wa mkate.

Brigita anakinusa. Anamgeukia Nazari.

"Umekuwa ukiweka nini pale chini?"

Nazari anavuta pumzi. Kila anayepelekwa hospitali akarudi mzima humpa dereva kitoweo, na huwezi kukataa kitoweo cha mtu aliyepona. Aghalabu ni samaki wa mto waliotiwa chumvi. Aliwaweka chini ya dashibodi, upande wa abiria, kwa sababu pale pana kivuli.

"Samaki wa chumvi," anasema Brigita. "Juu ya ubongo wa gari."

"Si nilidhani ni redio."

"Redio inakula samaki?"

Hata Nazari anacheka, lakini anaficha uso. Zawadi za waliopona ndizo zilizokaribia kuwaua waliofuata, na analijua hilo.

Kisanduku cha kubadilishia kilifika jana kwa treni ya TAZARA, kimefungwa ndani ya kanga kuukuu. Kimetoka kwenye pikapu ya aina hiyo hiyo iliyopata ajali Dar es Salaam. Brigita anasugua plagi, anazichomeka moja moja, anakifunga kisanduku juu zaidi ya kilipokuwa, ambapo samaki hafiki. Anarudisha betri. Nazari anageuza ufunguo. Gari halijibu. Kwenye dashibodi, kitaa chekundu kinapepesa.

"Kimekufa?" anauliza Nazari.

"Hakikujui. Ufunguo wako ni mgeni kwake. Uache hapo hapo, wasalimiane."

Wanasubiri. Ng'ombe wanapita barabarani kwa kengele zao, vumbi lao linabaki hewani kama unga wa dhahabu. Kitaa kinapepesa, kinapepesa, kisha kinazimika. Brigita anamwambia azime ufunguo na kuuwasha tena. Kinapepesa upya. Anamwambia arudie mara ya tatu. Safari hii kitaa kikizimika, Brigita anainama dirishani na kuita kwa sauti ya chini, "Haya mama, amka."

Injini inawaka. Taa zinawaka zinapoambiwa na kuzima zinapoambiwa. Waipa zimelala mahali pake. Nazari anajaribu honi mara moja tu, kwa adabu.

Wanavuka na pantoni adhuhuri, mto ukiwa mpana na mtulivu, kana kwamba pantoni haiendi na kingo ndizo zinazosogea. Ng'ambo watu wamekusanyika. Mzee Polikarpo amesimama mbele, na nyuma yake, chini ya mwavuli, Kabula na mtoto wake mchanga anayepaswa kupelekwa hospitali kupimwa.

"Shikamoo mzee," anasema Brigita.

"Marahaba. Gari limepona?"

"Limepona."

"Basi waambie hawa kwamba halikuwahi kuota. Uwaombe radhi, wapande."

Kabula anapita kati yao. Anaizunguka pikapu, anagusa boneti kwa kiganja. Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kisukuma, na anasema taratibu.

"Mama Edna. Lilikuwa linaota?"

"Lilikuwa linaota."

"Na sasa?"

"Limeamka. Nimeliamsha mwenyewe."

"Mapepo ningeyakataa," anasema Kabula. "Kuota, hata mtoto huyu anaota." Anamkabidhi Nazari mwavuli, anapanda kiti cha mbele na mtoto wake, anavuta mlango. Wanawake wawili wanapanda nyuma. Kisha mzee mwenye fimbo, anayetaka kusaidiwa mguu.

Mzee Polikarpo haridhiki. Anamwambia Brigita kwamba watu wamepanda, ni vyema, lakini mwanamke alijifungulia majanini kwa sababu ya neno, na neno hilo bado halijaombewa radhi.

Brigita anajibu taratibu. Anasema alikwenda kumwona Kabula wiki ile ile aliyojifungua na akambeba mtoto, na hilo ni jambo lao wawili. Anasema pia kwamba ameshanunua rangi. Ukuta wa gereji yake Kibaoni utaandikwa kwa herufi kubwa: HAPA TUNAAMSHA MAGARI. Anataka wasichana wawili wa Lumemo waje kujifunza, na neno la kwanza atakalowafundisha ni hilo hilo la kuota.

"Nilisema kutu, mkaendesha," anamwambia mzee. "Nilisema linaota, mkaegesha. Siombi radhi."