Martina Alivyotibiwa Mpunga Kigali

Katika ukoo wetu wote, kuanzia Ngokolo ninakokaa hadi Ushirombo walikozaliwa mama zetu, waliowahi kuvuka mpaka wakaiona hospitali ya Kigali kwa macho yao ni wawili tu: mimi na mpwa wangu Martina. Yeye alikwenda kama mgonjwa, mimi kama mkalimani. Msicheke. Kidato cha pili nilifika, na kama mwalimu wa hesabu asingekuwa na chuki binafsi, leo mngekuwa mnaniamkia kwa miadi. Kiingereza changu hakina koti wala tai, lakini kinatembea.

Martina ni mtoto wa dada yangu marehemu. Anakaa Masumbwe, nyumba ya vyumba viwili karibu na mwalo, pale wachimbaji wanaposagia mawe na kuosha mchanga. Kazi yake kwa miaka kumi na moja ilikuwa kuchoma. Ninyi mliozaliwa mkakuta dhahabu imeshakuwa pete, niwaeleze. Mchimbaji akiosha mchanga wake anautia zebaki, kile kimiminika kinachong'aa na kukimbiakimbia kiganjani. Zebaki inazishika punje za dhahabu mpaka linatokea donge jeupe. Donge hilo ndilo lilikuwa linapelekwa kwa Martina. Analiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa, moshi unapanda, zebaki inakwenda zake, dhahabu inabaki ya njano. Wanaume wenye vifua kama milango walimwachia mali yao wakaenda kunywa chai, kwa sababu Mama Loveness, ndivyo wanavyomwita, hakuwahi kupunguza hata punje.

Alichomea chumbani anamolala, dirisha limefungwa. Kwetu mali haichomwi mbele ya macho ya watu. Anayepita njiani akiiona, leo atakusifia na kesho atakuja na panga. Akimaliza anakunywa kikombe cha maziwa ya moto, kwa sababu sote tunajua maziwa yanaosha kifua. Waliwahi kuja wataalamu pale mwaloni na glavu na chungu cha chuma chenye mfuniko wa kunasa moshi, wakasema moshi ule ni sumu. Nilikuwepo. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kile chungu kinaweza kupikia makande. Watu walicheka mpaka wataalamu wakafunga mabegi.

Mwaka juzi mkono wa kulia wa Martina ulianza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama wa mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Baadaye akawa anamwaga uji, anasahau majina ya wateja, analia bila sababu. Siku moja kijiko kilimponyoka, mali ya mtu ikaingia kwenye majivu, wakachekecha majivu mpaka mchana. Mwenye mali hakurudi tena.

"Mjomba," aliniambia, "mimi sina shamba, sina mume. Nina mkono huu. Ukiondoka, nimekwisha."

Zahanati walisema malaria. Alipomaliza dawa wakasema taifodi. Tukaenda hospitali kubwa, tukapanga foleni na madaftari yetu mkononi, tukaambiwa vitendanishi vimeisha, turudi Jumatatu. Jumatatu mashine ilikuwa mbovu. Jumatatu iliyofuata daktari alikuwa kwenye semina. Shemeji yake Mageni akasema huu si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu anataka wateja wake. Tukaenda kwa mganga. Huyo vitendanishi vyake haviishi kamwe: alichukua mbuzi, akampiga Martina chale, mkono ukaendelea kutetemeka ukiwa na chale.

Waliotutia Kigali kichwani ni madereva wa malori wanaokula wali pale Masumbwe wakielekea mpakani Rusumo. "Kule," mmoja alisema, "daktari anakuuliza unaendeleaje, kisha anasubiri jibu." Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Martina alikuwa na ng'ombe sita, wote aliwanunua kwa kuchoma. Akauza wanne mnadani. Juu ya hapo alikuwa na akiba yake ya dhahabu, gramu kumi na mbili. Wazo la kuizamisha ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, ili tukaiuze kule gharama zikizidi, lilikuwa la nani? La mtu mwenye akili. Langu. Kibali hatukuwa nacho. Tulivuka daraja la Rusumo mimi nikiwa nimelikumbatia kopo lile kama mtoto mchanga. Ofisa akaniuliza mbona natokwa jasho, nikamwambia ni maumbile.

Kigali nilikemewa na bibi kizee kwa kutupa maganda ya karanga barabarani. Nikayaokota, mimi, mzee mzima. Hospitali ilinukia sabuni. Tuliambiwa saa tatu, na saa tatu tukaitwa. Martina akanishika mkono. "Mjomba, wamekosea? Au kuna Martina mwingine?"

Daktari aliitwa Edson, viatu vyake safi kuliko sahani za kwangu. Kiswahili hakukijua. Alisimama kutusalimia, kisha akauliza, nami nikatafsiri. Umeanza lini? Unalala vizuri? Fizi zinatoka damu? Ndiyo, zilikuwa zinatoka damu, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kuuliza habari za fizi.

"Anafanya kazi gani?"

Neno la kazi Martina mwenyewe alilielewa, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa namtazama mlinzi aliyesimama mlangoni na sare yake. Kopo lilikuwa kwenye mkoba kati ya miguu yangu. Ukitaja dhahabu nchi ya watu, swali linalofuata si la daktari tena. Nikamkanyaga Martina kidole.

"Mkulima," nikasema kwa Kiingereza. "Wa mpunga. Ekari tatu."

"Mjomba..."

"Nyamaza, nakutafsiria."

Macho ya daktari yakawaka. Mpunga! Je, wanapulizia dawa za wadudu? Nikamwambia sana. Mtu akishapanda uongo lazima aupalilie. Nikamtajia hadi jina la dawa niliyoiona kwenye kopo dukani Kahama. Akaandika, akapiga mstari chini.

Kuanzia hapo Martina alitibiwa mpunga. Walipima damu kutafuta dawa ya wadudu. Walipima ini, kwa sababu dawa ya wadudu inakula ini. Walipiga picha ya kichwa, wakamchoma sindano za umeme kupima mishipa. Kazi safi, sijaona mfano wake. Na kila kipimo kilianzia dirishani kwa mhasibu. Ng'ombe wa kwanza alimalizikia kwenye ini. Wa pili na nusu ya wa tatu waliingia kwenye picha ya kichwa.

Dirishani mbele yetu alikuwepo mama muuza mihogo, anaumwa kichwa. Akaonyesha kadi yake ya bima, akalipa kitu kama nauli ya pikipiki, akaingia kwa Edson huyohuyo, kitanda kilekile, picha ileile. Nikamwuliza nesi mbona sisi tunachinjwa.

"Yule ana bima ya hapa, mzee," nesi akajibu kwa Kiswahili kizuri, alikulia Ngara. "Ninyi ni wageni, mnalipa bei kamili."

"Na mimi nina bima."

"Ya nini?"

"Ya pikipiki."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kukaa. Yule mama hakuwa amemwibia mtu. Ni kwamba kwao kuumwa hakuuzi ng'ombe.

Nesi huyo hakuwa mjinga. Siku ya nne nilimsikia akimwuliza Martina taratibu, "Mama, ni kweli mnalima?" Martina akanitazama. Kwetu mpwa hamsahihishi mjomba wake mbele ya wageni, hata kama mjomba amesema jua linatoka Kigoma. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mkoba mapajani.

"Mjomba ameshasema," Martina akajibu.

Siku ya sita daktari alitandika karatasi zote mezani. Damu haina dawa ya wadudu. Ini zima. Kichwa hakina uvimbe. "Kuna kitu kinaingia mwilini mwake," alisema, "na mimi sikijui. Nyumbani kwake kuna nini?"

Ningeweza kusema wakati ule. Mlinzi hakuwepo, alikwenda kula. Lakini wakati huo uongo wangu ulikuwa umeshagharimu ng'ombe watatu na nusu, na uongo wa bei hiyo mtu haukubali kirahisi mbele ya mpwa wake.

"Hewa safi tu, dokta," nikasema.

Aliandika namba ya simu ya wodi, akasema tukikumbuka lolote tupige. Basi lilipovuka daraja Martina aligeukia dirishani. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Kwa nini mpunga, mjomba?" Nikajifanya nimelala. Dhahabu yenyewe sikuiuza. Kila mnunuzi niliyemwona Kigali nilimwona polisi. Ilirudi Masumbwe kama ilivyokwenda, imenenepa kwa mafuta, kisha ikaishia kwenye unga na mboga.

Ngokolo niliwasimulia watu kwa miezi mitatu. Barabara zisizo na ganda la karanga, daktari anayesimama. Wakiniuliza alikutwa na nini, nilisema, "Hana kitu! Wameshindwa kumkuta na ugonjwa." Walisema Mungu mkubwa.

Baada ya Pasaka nilikwenda Masumbwe na kilo mbili za sukari. Martina alikuwa amekaa uani, mikono yote miwili imebanwa katikati ya mapaja ili isicheze.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola duhu," alisema, yaani amani tupu. Na hakukuwa na amani.

Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa chumbani. Nikasukuma mlango. Loveness, binti yake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mkaa na kijiko mkononi. Ng'ombe lazima warudi, na mkono wa mama yake umeacha kazi. Hatua mbili nyuma yake, kitandani, alikuwa amelala mwanawe Kamili, miaka miwili na miezi. Huyu nilimwacha akinifukuza uani kwa fimbo.

"Siku hizi hatembei," Loveness akasema huku akipuliza mkaa. "Alitembea, akaacha. Akishika kikombe kinamwagika. Watu wanasema ni meno."

Nilitoka nje. Nataka niwaambie kwamba nilifikiri kwa muda mrefu, kama mtu mwenye elimu. Sikufikiri. Nilipiga ile namba.

Akapokea nesi. Nikaanza na Kiingereza changu.

"Nakukumbuka, mkalimani," akasema kwa Kiswahili. "Dokta yupo hapa. Leo nitatafsiri mimi. Sema."

Nikasema hakuna mpunga. Nikamsikia akimwambia daktari, na daktari akiuliza, na yeye akirudi kwangu.

"Anauliza basi ni nini."

"Anachoma dhahabu. Kwa zebaki."

"Muda gani?"

Nikakohoa. "Kidogo kidogo tu, unajua, siku mojamoja..."

Martina alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alisimamaje bila mimi kusikia. Alininyang'anya simu kwa mikono yote miwili, ikamtoka, ikaanguka vumbini. Niliokota, akanikataza nisiishike. Akaniashiria niiweke kwenye kinu kilichopinduliwa, sauti kubwa, akapiga magoti mbele yake.

"Naitwa Martina," akasema. "Mjomba wangu alidanganya na mimi nikanyamaza. Nachoma miaka kumi na moja. Chumbani ninamolala, dirisha limefungwa. Tunalala watatu. Mtoto ameacha kutembea."

Nesi alitafsiri. Daktari aliongea kwa muda mrefu, na mara moja tu sauti yake ilipanda. Kisha nesi akasema, "Dokta anasema tokeni kwenye chumba hicho sasa hivi, wote. Asichome mtu hapo tena. Maziwa hayasaidii. Anasema mama, kama angejua siku ile ya kwanza, kipimo kilikuwa kimoja, cha mkojo, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya ini."

"Na mkono wangu?"

"Anasema ukiacha kuvuta moshi, angalau usizidi kutetemeka. Kurudi kama zamani hawezi kukuahidi. Mtoto ana nafasi nzuri zaidi, ila apimwe haraka. Mpimwe wote watatu, kwenu au huku."

"Huku ni bei kamili," Martina akasema.

"Ndiyo, mama. Bei kamili."

Martina akamshukuru. "Wabeja," alisema, kisha akakumbuka huyo si Msukuma, akasema asante. Akainuka, akaingia chumbani, akamwaga maji juu ya mkaa. Loveness alipiga kelele kwamba hiyo ni mali ya mtu. Alimbeba Kamili mgongoni, na kwa sababu vidole vyake havikuweza kufunga kanga, alisimama mbele yangu akingoja.

Nikaifunga. Nilitafuta neno la kuchekesha, mimi ambaye sikosi. Alitazama pembeni mpaka nikamaliza fundo, kisha akaenda zizini kwa wale ng'ombe wawili waliobaki, akaanza kumfungua mmoja kamba kwa meno.