Penati Chini ya Turubai

Baba mdogo alifariki wiki ileile ambayo timu yetu ya taifa ilikuwa kwenye mashindano ya mataifa ya Afrika. Nilipopigiwa simu nililia, na kabla sijafuta machozi nikakumbuka kuwa mechi ingetukuta matangani. Ndivyo kichwa changu kilivyo, siwezi kukibadilisha uzeeni.

Mimi ni mshabiki wa kibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kuangalia mpira. Nauza mchele Ifakara, jioni nafunga duka na kwenda kukaa benchi moja na waendesha bodaboda, tunamfundisha kazi kocha ambaye hatusikii. Timu yetu haikuzoea kufika kwenye mashindano makubwa, kwa hiyo ikifika, mtu hawezi kwenda kulala tu kana kwamba ni siku kama siku nyingine. Ugonjwa huu aliniambukiza baba mdogo mwenyewe. Alikuwa mkulima wa mpunga Namawala, mpole, wa maneno machache, isipokuwa mbele ya televisheni. Hapo alimtukana refa kwa Kipogoro ili watoto wasielewe, na watoto wote walielewa.

Tulimzika baada ya misa. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza na kaburi lilibidi litolewe maji kwa ndoo. Tuliporudi nyumbani wanaume tukakaa uani chini ya turubai, wazee pamoja na vijana wa boda waliokuja nami kutoka Ifakara, wanawake wakakaa ndani kwenye mikeka pamoja na mjane, mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mama mdogo hakulia. Aligeukia ukuta. Hakusema neno na hakutia kitu mdomoni.

Kwa mtu mwingine tungesema ni huzuni, itapungua. Lakini mama mdogo ana sukari na anachoma sindano, na sindano haitaki mtu asiyekula. Siku ya pili nesi alikuja, akampima, akatuita nje, akasema bila kuzungusha kwamba tukimwacha ashinde hivi mpaka kesho tutachimba kaburi lingine. Hospitali hataki, alishatikisa kichwa: hatoki kwenye nyumba ya mume wake kabla ya kuondoa matanga. Mama yangu alimjaribu kwa uji, kwa chai, kwa samaki, kwa rozari, mwisho kwa ukali. "Unataka kuniacha na misiba miwili? Kula basi." Akapelekewa sahani, ikarudi kama ilivyokwenda. Mama alikaa jikoni na ile sahani magotini, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea.

Jioni ya mechi ikafika. Chini ya turubai hakuna aliyetaja mpira. Kila mwanamume aliangalia saa yake kwa huzuni. Mmoja alijifanya anakwenda kuangalia ng'ombe, na hana ng'ombe. Mwingine alikuwa na simu sikioni muda mrefu bila kuongea na mtu. Televisheni ya marehemu ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitenge, na sebuleni ndiko walikokaa wanawake. Nani angeingia kuiomba?

Mtani aliingia. Sisi Wapogoro na Wangoni tulipigana zamani sana, ndiyo maana leo tukizika, Mngoni ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anamtania yeye na ukoo wake wote, na ukinuna wewe ndiye mpumbavu. Mtani wetu ni jirani, mama mtu mzima mwenye mwili wake, muuza vitumbua. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa jezi ya taifa ya baba mdogo iliyombana tumboni, kofia yake ya pama na mabuti yake ya shambani. Akakohoa kile kikohozi chake. Nilishtuka, maana kilikuwa chenyewe.

"Nyie," akasema, "mmenizika bila kunionyesha mpira?"

Wazee wakacheka hadi wakashika mbavu. Mama yangu akatoka jikoni, akamtazama, akatutazama sisi ambao ghafla tulikuwa na nyuso za watoto wa chekechea.

"Marehemu anaomba televisheni yake, shemeji," mtani akamwambia.

Mama akafikiri. "Picha sawa," akasema. "Sauti hapana. Kuna mfiwa ndani."

Televisheni ikatolewa, ikawekwa juu ya meza karibu na mlango, sauti ikakatwa. Tukaangalia mpira kimya, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mtani ndiye alikuwa na ruhusa ya kusema, akaitumia yote. Alimtukana refa kwa Kipogoro kibovu. Alilalamikia goti. Alimwambia mshambuliaji wetu kuwa mpira hauna miiba. Sisi tulicheka kwa mikono mdomoni, na kati ya kicheko na kicheko nilikuwa nikimkumbuka baba mdogo vibaya sana.

Mechi ilikuwa ngumu, bila kwa bila, sisi tukizuia zaidi ya kushambulia. Kisha kipindi cha pili beki wao akamwangusha mtu wetu ndani ya boksi na refa akaonyesha kidole. Penati. Benchi zima likasimama. Mtani naye akasimama, akakodoa macho, akaisogelea televisheni hadi pua ikaribie kioo.

"Sivyo."

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku mbili. Tukageuka. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili.

"Penati haangalii," akasema. "Wewe mtani unamsingizia mume wangu."

Hapa mtu mwingine angevua kofia na kuomba msamaha. Mtani wetu hakutoka ndani ya marehemu hata kidogo. "Kwani nilikuwa nafanyaje, mke wangu?" akauliza. "Kaburi limenisahaulisha."

"Ulikuwa unaipa mgongo. Unaniangalia mimi usoni. Mimi ndiye ninayeangalia. Nikicheka, unajua imeingia."

Hakuna kati yetu aliyekuwa akilijua hilo. Mimi nimeangalia mpira na baba mdogo miaka mingi, lakini kila penati alikuwa anatoka uani, akimwacha mama mdogo mlangoni, na siku zote nilidhani anakwenda kujisaidia.

Mama mdogo akaja taratibu, akamvua mtani ile kofia, akaivaa juu ya kanga. Akavuta kigoda, akakaa, televisheni mgongoni mwake. Akatafuta uso wa kuangalia, akauchagua wa dada yake. Sasa mama yangu hajawahi kuangalia mpira hata siku moja. Hajui upande upi ni wetu na upi ni wao. Alisimama pale na mwiko mkononi, anaangaliwa na mdogo wake ambaye hatimaye amesema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mpigaji wetu akapiga. Mpira ukaenda kushoto, kipa kulia.

Mama mdogo hakuwa anatuona sisi. Alikuwa anayaona machozi ya dada yake tu. "Tumekosa?" akauliza.

"Imeingia, mama mdogo," nikasema. "Imeingia."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kile kilio tulichokuwa tunakisubiri tangu makaburini, na wanawake wakatoka ndani wakamzunguka. Mama akamshika kichwa, anarudia, "Nisamehe, mimi mambo haya siyajui." Walikaa hivyo kitambo. Kisha mama mdogo akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema kwa uchovu kama mtu aliyerudi shamba, "Kile chakula kiko wapi?"

Kikaletwa mbio. Ugali na perege wa kukaanga. Akanawa, akaanza kula palepale kwenye kigoda, kofia ya mume wake kichwani, televisheni mgongoni. Mama akachuchumaa mbele yake akimtolea miiba kama anamlisha mtoto. Mtani akasimama pembeni, mikono nyuma, bado baba mdogo.

"Bado tunaongoza?" mama mdogo akauliza, tonge mkononi.

"Tunaongoza, mke wangu."

Sahani ilikuwa imefika nusu wakati wenzetu walipopata kona. Ikapigwa, beki wetu akaruka mapema, mtu wao akaweka kichwa, na mpira ukaingia wavuni. Niliuona juu ya bega lake. Mama mdogo akainua macho akatuangalia mmoja mmoja, wazee, vijana wa boda, mtani, mimi, na kila aliyeangaliwa akamtabasamia. Akainama, akamega tonge jingine.