Mwandiko wa Baba Kwenye Kadi

Juzi nilikuwa steshenari pale Kayanga, nasubiri kopi ya kitambulisho. Mbele yangu mama mmoja kutoka Kanoni alikuwa anatengenezesha kadi za harusi ya binti yake. Alifungua kanga, akatoa daftari la nyimbo za kwaya lililoandikwa kwa mkono na marehemu mumewe.

"Nataka herufi kama hizi," akamwambia dada wa kompyuta.

Dada akaandika jina la marehemu kwenye kompyuta, akaanza kumwonyesha kwa miandiko iliyomo kwenye mashine, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu ana haraka," mama akasema. "Huyu anajidai. Huyu hajawahi kushika jembe."

Kisha ukatokea mmoja mwembamba, umelala kidogo, mikia ya herufi imevutwa taratibu kama uzi. Mama akaweka kidole kwenye kioo, akalifuata jina la mumewe mpaka herufi ya mwisho.

"Ndiye huyu. Mweke kwenye jina lake tu. Tarehe na kanisa andika kwa herufi za kawaida, wageni wasije wakapotea."

"Kabla ya jina niweke 'marehemu', mama?"

Akamtazama kwa mshangao. "Mwanangu, si unaona ameandika mwenyewe?"

Dada hakuliweka. Mimi nilisahau kopi yangu palepale mezani, nikaenda nyumbani kutafuta kalamu. Safu hii ya gazeti naiandika kwa kompyuta kila wiki, na wanangu hawaujui mwandiko wangu.