Betri Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mchana kweupe, jua likiwa limekaza, mwanamke amepiga magoti kando ya kitanda na ananusa hewa kama paka. Ananusa pembe hii, anasogea, ananusa tena. Kisha anakunja godoro, anainua ubao, na hapo zinaonekana: betri kumi na moja nyeusi, zimepangwa bega kwa bega kama magunia ghalani.

Hazigusi kwa kiganja. Anazipapasa moja moja kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa.

"Kiganja kimezoea kazi, kinadanganya," anasema bila kuinua kichwa. "Mgongo wa mkono ni mwoga. Mimi namwamini mwoga."

Majirani zake wa majini humwita Bi Volti. Ana miaka arobaini na mitatu, na anaishi na mumewe na mama mkwe wake katika boti kuukuu iliyokuwa ikibeba mchanga, imefungwa ukingoni mwa mto pamoja na nyingine ambazo wenyewe wamezigeuza nyumba. Umeme wa nchi kavu unaishia kwenye nguzo ya mwisho, nyuma ya uzio. Huku kila mtu na jua lake.

Paneli za sola zilizoko juu ya paa ndizo zinazojaza betri zile, nazo betri huwasha taa, redio, friji ndogo na, zaidi ya yote, pampu. Boti inavuja pale mhimili wa panga boi unapotokea. Maji huingia polepole, kama jasho, na pampu huyarudisha mtoni. Pampu ikilala nusu siku, sakafu inaloa. Ikilala siku mbili, hakuna sakafu.

"Sasa fikiria mwenyewe," Bi Volti anamwambia mwandishi. "Nikiziacha betri zikafanya zitakavyo, zinaweza kutulipua. Nikizizima, tunazama. Ndiyo nyumba yangu hiyo."

Kazi ya betri ndiyo inayomlisha pia. Anahudumia boti saba za jirani: anaongeza maji ya betri, anapima ukali wa asidi kwa bomba la kioo, anakwangua ule unga wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri, na siku za mawingu anazichaji kwa jenereta. Malipo yanatosha chakula na sabuni. Betri moja mpya ingemeza mapato yake ya miezi minne, na kwa hiyo zote alizonazo ni za mitumba, zilizotupwa na wenye minara ya simu baada ya kuchoka.

Mikono yake ina madoa meupe ya asidi. Gauni lake la kazi lina matundu, na mumewe, mchomeleaji vyuma katika karakana ya ng'ambo, humtania kwamba limeliwa na panya mwenye haraka.

Lakini leo Bi Volti hacheki. Hajacheka sana tangu masika yaliyopita.

Ilikuwa baada ya wiki nzima ya mawingu. Betri zilikuwa hoi, pampu ikikohoa kama mzee mwenye pumu. Halafu asubuhi moja jua likachomoza kali. Bi Volti alifurahi, akapanda juu ya paa kupangusa paneli. Mumewe alikuwa kazini. Chini, mama mkwe alikuwa peke yake.

"Nilikuwa napangusa paneli ya mwisho, harufu ikanipiga kutoka kwenye mlango wa paa. Mayai viza."

Fundi yeyote wa betri anaijua harufu hiyo. Maana yake betri imechemka, na pamoja na uvundo huo inatoa gesi nyingine isiyo na harufu wala rangi, ambayo cheche moja tu inaigeuza bomu. Aliwahi kuona betri moja ikipasuka gerejini. Kifuniko chake walikiokota barabarani.

Alichungulia ndani. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko, ameshika kiberiti.

"Mama! Usiwashe!" alipiga kelele. "Mama, usiwashe!"

Bibi huyo masikio yake yamechoka. Alipunga mkono bila kugeuka.

"Eee, mwanangu! Na wewe nakuwekea chai!"

Njiti ya kwanza ilikatika. Kiberiti kilikuwa kimepata unyevu wa masika. Bibi aliitupa njiti, akachagua nyingine.

Bi Volti hakumbuki kushuka ngazi. Anakumbuka tu kwamba kifundo cha mguu kilipinda, na kwamba alimpokonya mkwewe kiberiti kwa nguvu hata wote wawili wakaangukia meza. Alikitupa mtoni kupitia dirishani.

"Unanipiga?" mama mkwe alilia. "Leo umenipiga mimi, mama wa mumeo?"

Hakukuwa na nafasi ya kujieleza. Alimbeba mgongoni kama mtoto, bibi akimfinya mabega na kumlaani, akampitisha juu ya ubao wa kuvukia hadi ukingoni, akamkabidhi kwa jirani yao fundi viatu. "Mshike. Asirudi. Na wewe usivute sigara, tafadhali, hata ukifa kwa hamu."

Kisha akarudi peke yake. Alizima pampu kwenye swichi ya nje, isije ikatoa cheche. Alifungua milango na madirisha yote. Akapanda paa na kuzifunika paneli kwa mablanketi, kwa mapazia, kwa shuka, ili jua lisisukume chaji tena. Aliposhuka, harufu ilikuwa palepale.

Aliinua ubao wa kitanda, akaona. Betri moja ya katikati ilikuwa imevimba mbavu. Akasogeza mgongo wa mkono, hakuhitaji hata kuigusa, joto lilimfuata.

"Hapo nikaelewa. Ile ilikuwa imekufa ndani kwa ndani, na wenzake wote walikuwa wanaimwagia nguvu zao. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kufunika paneli hakukutosha. Lazima ing'olewe."

Kuing'oa ni kufungua waya wenye moto. Kufungua waya wenye moto ni kutoa cheche.

Mumewe alifika akihema, viatu mkononi. Fundi viatu alikuwa amempigia simu. Alimkuta mkewe anavaa glavu za mpira.

"Toka humo, mke wangu."

"Maji yameshaanza kupanda. Nisipoitoa, siwezi kuwasha pampu."

"Boti na izame! Izame, mama watoto! Nitanunua nyingine."

"Kwa pesa gani? Hizo za ndotoni?"

"Basi niingie mimi."

"Wewe ukishika spana hujui kushika taratibu. Mikono yako ni ya nyundo. Kaa mlangoni na ndoo ya maji ya magadi. Asidi ikinirukia, nimwagie bila kuniuliza."

Walingoja upepo mpaka alasiri. Anasema hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kama kule kungoja, huku maji yakisikika yakicheza chini ya sakafu na betri ikichemka kama sufuria. Mumewe alipepea kwa karatasi ya bati mpaka mikono ikafa ganzi. Harufu ilipopungua, Bi Volti aliingia.

Spana yake ameizungushia mpira wa tyubu, isije ikagusa pasipostahili. Alifunika betri za kando kwa matambara mabichi. Akaanza kulegeza nati, robo mzunguko, anapumzika, robo mzunguko. Waya ulipoachia, cheche ilitoka.

"Ndogo, kama jicho la sisimizi. Nikafumba macho nikasubiri kufa. Nilijikojolea. Andika hivyohivyo. Watu wananiita shujaa hapa ukingoni. Shujaa gani amelowa mpaka viatuni?"

Hakuna kilicholipuka. Hewa ilikuwa imeshasafishwa na upepo.

Waliitoa betri ile wakiwa wawili, wameifunga kwa kamba. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Fundi viatu na majirani wengine waliingia na ndoo wakachota na kumwaga, huku Bi Volti akipima zilizobaki moja baada ya nyingine kabla ya kuthubutu kuwasha pampu. Ilipokohoa na kushika, mumewe aliketi ndani ya maji palepale, akalia.

Mama mkwe hakusema naye kwa siku kadhaa. Alikula mgongo ameugeuza. Siku moja mwanawe alimshika mkono, akampeleka ukingoni ilipowekwa betri iliyovimba, akamweleza sikioni taratibu. Bibi aliizunguka, akaigusa kwa fimbo.

"Kumbe nilikuwa nimelalia kaburi langu," alisema, "tena nimelitandika shuka." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, siku nyingine nipige mapema."

Tangu hapo hofu haijamtoka Bi Volti. Jirani akikaanga kitu, yeye anasimama kunusa hewa. Friji ikinguruma vibaya, anaacha chakula. Anazikagua betri hata pale ambapo hakuna sababu, na mumewe ameacha kumwambia apumzike. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mpango upo. Mumewe anachomelea kasha la chuma litakalokaa nje, nyuma ya boti, lenye bomba la kutolea gesi juu kabisa. Fremu tayari imesimama ukingoni, imepakwa rangi mkono mmoja. Mume anataka kuhamisha betri zote kwa siku moja. Mke amekataa: moja moja, upepo ukiwepo, mama akiwa nchi kavu.

Mwandishi anamuuliza: je, kasha nalo likimtia hofu?

Anafunika ubao na kunyoosha shuka ya mama mkwe.

"Litanitia, najua. Hofu siwezi kuifukuza," anasema. "Lakini nikiweza kuihamishia nje, inyeshewe na mvua huko, mimi nilale ndani, itanitosha."